Kasuku Mdogo Akisema, Anasema na Nani?

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu, alikuja kunywa chai. Alipoinua macho na kuona tundu la ndege limening'inia barazani, aliweka kikombe chini pole pole, kisha akanitazama kama mtu aliyemfumania mwizi.

"Bwana, wewe unaandika magazetini na hujui sheria? Huyo ni ndege wa serikali. Siku watu wa wanyamapori wakipita hapa, utalala ndani."

Mjukuu wangu alikuwa sebuleni akifanya kazi ya shule. Aliposikia hayo, alitoka mbio akasimama mbele ya tundu kama askari wa zamu.

Mjadala uliozuka hapo ulituchukua mpaka magharibi, nami nimeonelea niulete mbele ya wasomaji, kwa maana ndege hawa wadogo wa rangi ya kijani, manjano na buluu siku hizi wamo katika nyumba nyingi za mjini, na kila mtu ana lake la kusema juu yao. Wengine huwaita "lavubadi", wengine hudhani ni vifaranga vya kasuku, na yule aliyeniuzia mimi aliapa kwa jina la mama yake kwamba walinaswa Naivasha. Wote hao wamekosea.

Ndege huyu huitwa bajirigari, au baji kwa ufupi (si bajia, kama mjukuu wangu anavyopenda kuwasahihisha wageni). Ni jamaa ya kasuku kweli, lakini kwao ni Australia, na jina lake limetokana na lugha ya Wagamilaraay, wenyeji wa asili wa sehemu za New South Wales. Wale wanaoonekana Naivasha ni cherero. Hao ni wazao wa ndege wa Tanzania waliotoroka matunduni wakakaa huku na kuchanganyika wao kwa wao. Cherero ni mnene, mkia wake ni mfupi. Baji ni mwembamba, ana mkia mrefu, na mgongoni ana mistari myeusi kama mawimbi ya maji.

Hebu kwanza tumwone huko kwao. Sehemu za ndani za Australia ni nyika kame, mvua hainyeshi kwa majira ya kutegemewa, na baji hana makao ya kudumu. Anafuata mvua. Mahali iliponyesha, nyasi huota, nyasi zikizaa mbegu wao hufika, na mbegu zikiisha huhama tena. Huzaa papo hapo chakula kinapopatikana, bila kungoja mwezi fulani. Jike hutaga mayai manne hadi sita katika shimo la mti, mara nyingi mkaratusi, mti ambao nao umekuja kwetu kutoka huko huko. Huatamia peke yake kwa siku 18 hivi huku dume akimlisha, na makinda huondoka shimoni wakiwa na wiki tano. Miaka ya neema makundi huwa ya maelfu kwa maelfu. Asubuhi hushuka kunywa maji kwa pamoja, na kipanga akitokea, kundi zima hugeuka kwa mara moja, likawa kijani, likawa manjano, likawa kijani tena.

Miaka ya dhiki nayo si ya mzaha. Mnamo Januari 2009, huko Australia Magharibi, joto lilipita nyuzi 45 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo, na maelfu ya ndege wakafa, wengi wao wakiwa baji. Ndege mwenye gramu 30 hana akiba kubwa ya maji mwilini. Hata hivyo bado wako wengi mwituni, na hawahesabiwi miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Dunia ikizidi kupata joto, sijui kama jambo hilo litabaki hivyo.

Sasa alifikaje barazani kwangu? Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege wa Kiingereza, John Gould, alirudi London kutoka Australia akiwa na baji hai. Waingereza walimpenda papo hapo, na ikagundulika kwamba ndege huyu ana tabia ambayo kasuku wengi hawana: anazaa tunduni bila taabu yoyote. Kwake yeye, mtu anayejaza mbegu na maji kila siku ni sawa na mvua isiyokatika. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja tayari anaweza kuwa mzazi.

Kutoka hapo mwanadamu akaanza mchezo wake. Kule mwituni rangi ni moja, mwili wa kijani na kichwa cha manjano. Karibu na mwaka 1880 wakatokea baji wa buluu huko Ubelgiji. Mwaka 1910 wakaonyeshwa London, na katika miaka ya 1920 matajiri wa Japani walikuwa wakiwanunua kwa bei ya kushangaza. Mwaka 2017 wataalamu walieleza siri yake: baji wa buluu ana kasoro ndogo katika jini moja, basi mwili wake haufanyi rangi ya manjano. Ukiondoa manjano katika kijani, hubaki buluu. Haya yote yalitokea matunduni. Na tangu 1960 Australia imepiga marufuku biashara ya kuwapeleka nje ndege wake wa asili, wala nyumba za walimwengu hazikupungukiwa na baji. Huyu wangu wa buluu, babu wa babu wa babu zake hawakuijua nyika.

Hapo ndipo nilipomjibu jirani yangu. Nilimwambia kwamba upo mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ule wa CITES. Mkataba huo unazibana aina zote za kasuku duniani isipokuwa nne tu, na baji ni mmoja wa hizo nne. Hakusahauliwa. Aliachwa nje kwa kuwa wanaouzwa ni wale waliozaliwa matunduni. Bila shaka anayeagiza ndege kutoka ng'ambo hana budi kupata kibali cha madaktari wa mifugo, maana ndege hubeba magonjwa. Hata homa ya kasuku, inayompata binadamu mapafuni, huletwa na jamii hii hii.

Mzee hakuridhika. "Na kasuku yule wa kijivu wa shemeji yangu? Naye alizaliwa tunduni?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyojua. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, ni wa misitu ya Afrika, kuanzia magharibi kupitia Kongo na Uganda mpaka huku Kakamega, ambako wamebaki wachache mno. Huyu hazai ovyo. Hukaa miaka kadhaa kabla ya kupevuka, makinda yake ni machache, na huishi miaka 40 au zaidi. Ukimnasa mmoja msituni umelikata tawi zima la ukoo. Kwa miaka mingi walinaswa kwa makundi na kusafirishwa, wengi wakifia njiani, mpaka mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ukaamua kumtia katika orodha kali kabisa. Biashara ya kuwauza nje wale wa mwituni ikakatazwa kuanzia Januari 2017. Na hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayeweka mnyama wa pori awe na kibali.

Kwa maoni yangu udanganyifu wa biashara hii umejificha hapo. Muuzaji akiulizwa juu ya kasuku wa kijivu hutoa jibu linalomfaa baji: "Huyu alizaliwa tunduni." Wapo kweli waliozaliwa tunduni, lakini kuwazalisha ni kazi ndefu ya gharama, na kumnasa wa msituni ni kazi ya siku moja. Mtu akikuuzia kasuku kwa bei ya kutupa, bila karatasi na bila pete mguuni, jiulize mwenyewe ni nani aliyelipia miaka yote ile ya kumlea. Nilimwambia jirani yangu amuulize shemeji yake karatasi ziko wapi. Alikohoa, akaomba sukari zaidi.

Lakini mjukuu wangu, ambaye alikuwa amesikiliza yote haya kimya, akauliza la kwake: "Basi babu, kama hana kosa lolote kukaa hapa, mbona ameacha kusema?"

Hapa lazima nikiri jambo. Baji huyu tulimnunua miaka miwili iliyopita, akiwa peke yake. Ni dume. Utamjua kwa ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua: ya dume mzima mara nyingi ni ya buluu, ya jike ni ya kahawia. Mjukuu alimpa jina Chiku. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alisimama karibu naye akimwambia "Chiku, habari ya asubuhi", na baada ya miezi mitatu ndege akajibu, kwa sauti nyembamba ya haraka kama redio ya zamani inayotafuta stesheni. Kisha akajifunza "karibu chai". Kisha akaniiga mimi nikikohoa. Watoto wa mtaa mzima walikuja kumsikiliza. Nilijivuna, sikatai.

Kipaji hiki si uzushi. Mwaka 1958 huko Uingereza baji mmoja aliyeitwa Sparkie Williams alishinda shindano la BBC la ndege wanaosema. Alijua maneno zaidi ya 500, na alipokufa alikaushwa, akawekwa katika jumba la makumbusho mjini Newcastle. Mwingine wa California, Puck, aliandikwa katika kitabu cha Guinness kwa maneno 1,728. Sina hakika kama mimi mwenyewe hutumia maneno mengi hivyo kwa wiki.

Ila nilitaka kujua ni kwa nini ndege wa nyika, ambaye hajawahi kuhitaji kumwambia mtu "karibu chai", apewe uwezo huo. Nilisoma, na jibu nililolipata halikunipendeza. Wataalamu waliochunguza baji wameona kwamba wakiwekwa pamoja, baada ya wiki chache huanza kuitana kwa mlio unaofanana, na dume hujifunza mlio wa jike wake ili amwite kwa sauti iliyo yake. Kwa baji, kuiga ni njia ya kuingia katika jamaa. Sasa chukua ndege aliyeumbiwa kuishi na maelfu, mweke peke yake barazani, mahali ambapo sauti pekee inayomjia kila siku ni ya mtoto na ya mzee mwenye kikohozi. Atafanya nini? Atajifunza kukohoa.

Sisi tulikuwa tukimshangilia Chiku kwa ufasaha wake, kumbe alikuwa akiomba uenyeji.

Basi mwaka jana nilimnunulia jike wa kijani. Siku ya kwanza walitazamana kutoka ncha mbili za kijiti. Siku ya tatu walikuwa bega kwa bega. Wiki ya pili Chiku alianza kutapika mbegu na kumlisha mwenzake mdomoni, jambo lililomchukiza sana mama mwenye nyumba mpaka nilipomweleza kwamba kwao hayo ni mahaba. Na kutoka hapo maneno yakaanza kupungua. "Karibu chai" ilikwenda kwanza. "Habari ya asubuhi" ilidumu kidogo, kisha ikawa nusu, kisha haikusikika tena. Tunduni sasa mna kelele kutwa nzima, lakini si za Kiswahili. Mjukuu alilia siku mbili. Aliniuliza kama Chiku amemkasirikia.

Shangazi yake alishauri tuwafungulie waende zao, kama cherero wa Naivasha. Wazo ni la huruma, lakini baji wa buluu angani hapa Nairobi angeonekana na kipanga kutoka mbali kama shati lililoanikwa, na wala hajui kujitafutia. Hata palipokuwa na wengi mambo hayakudumu. Huko Florida, Marekani, baji waliofunguliwa na waliotoroka waliongezeka kuanzia miaka ya 1950 mpaka wakawa maelfu, watu wakidhani wamepata ndege mpya wa nchi. Kisha wakapungua mwaka hadi mwaka, na kufika 2014 hivi walikuwa wamekwisha kabisa.

Kwa hiyo wamebaki, wote wawili. Nimewafanyia tundu refu zaidi, maana ndege huruka kwenda mbele wala hapandi juu kama lifti, na nimelihamisha mbali na jiko, kwa sababu moshi wa sufuria zile zisizoshika chakula, zikipata moto kupita kiasi, humuua baji kwa muda mfupi sana. Mawele wanapata, na sukuma wiki.

Jirani yangu alirudi Jumapili iliyopita. Habari za serikali hakuzitaja tena. Alikaa, akawatazama kwa muda, kisha akasema anataka kumnunua Chiku kwa shilingi elfu mbili, dume peke yake, kwa kuwa mke wake alifariki na nyumba imekuwa kimya. Angependa kitu cha kumwambia habari ya asubuhi. Nilimwambia achukue wote wawili, nimpe na tundu bure. Akatikisa kichwa. "Wawili hawasemi," akasema. "Wewe mwenyewe umenieleza."

Pesa zake bado ziko mezani. Mjukuu amezifunika kwa kitabu.