Uchunguzi Uwafuate Mama Zetu Vijijini

Hapana saratani inayowaua wanawake wengi wa Tanzania kuliko ile ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 walipatwa nayo mwaka huo, na zaidi ya 6,000 wakafa. Linalosikitisha ni kwamba ugonjwa huu huja polepole. Virusi viuletavyo, viitwavyo HPV, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Muda huo mwanamke hasikii maumivu, naye akichunguzwa aweza kuokolewa.

Sisi wasichana tuna bahati. Tangu mwaka 2018 Serikali hutoa chanjo nchini kote, na wengi wetu tulichanjwa tukiwa na miaka 14. Lakini chanjo ilipofika, mama zetu walikwisha kuwa watu wazima. Kinga yao ni uchunguzi.

Je, uchunguzi huo ni mgumu? Sivyo. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki hafifu katika mlango wa kizazi, hungoja dakika moja hivi, kisha hutazama kwa taa. Mahali penye hatari hugeuka peupe. Majibu hupatikana papo hapo, na dalili zikiwa ndogo huweza kutibiwa siku ile ile kwa kifaa cha kugandisha au cha joto.

Basi, ikiwa vifaa hivyo huingia katika sanduku, yafaa nani asafiri, mama au muuguzi? Mimi nasema muuguzi. Huduma ya mkoba tayari huwafikia watoto wa vijiji vya mbali kwa chanjo. Naomba siki, taa na vifaa safi viongezwe katika mkoba huo, walau mara moja kila miezi mitatu.

Wapo wasemao kuwa wanawake wenyewe hawataki kupimwa. Sikubali. Mtu asiyeumwa, mwenye korosho za kuokota na watoto wa kulisha, atatoaje nauli ya kwenda mjini na kurudi, tena apoteze siku nzima? Ataahirisha. Siku atakapoanza kutoka damu, huenda safari ikawa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa Chiungutwa, kutafuta mionzi.

Tena, siku ya kupima isiwekwe kati ya Oktoba na Desemba, watu wakiwa mikorosho. Mpimaji awe mwanamke, na chumba kiwe na mlango na pazia. Makungwi nao waelezwe mapema, kwani katika mambo ya mwili neno lao husikilizwa kuliko tangazo la ukutani. Na akina baba wasingoje kuombwa ruhusa; wawahimize wake zao.

Wanafunzi wenzangu, likizo ikifika tupeleke habari hii nyumbani kwa wenye miaka 30 hadi 50. Mvulana aonaye haya kumwambia mama amwambie shangazi au bibi, nao watalifikisha neno. Nanyi wazazi wetu, lisemeni jambo hili mbele ya kamati ya zahanati na katika mkutano wa kijiji. Muuguzi akiombwa na kijiji kizima, atakuta wanawake wanamngoja.