Maji Safi Yanayoharibu Meno ya Wana Wetu

Miaka michache iliyopita nilikwenda Kamere, mtaa ule ulio kusini mwa Ziwa Naivasha, nikiwa na kinasa sauti mkononi. Nilikusudia kurekodi Kiswahili cha watoto waliozaliwa na kulelewa pale. Kwa mtu wa taaluma yangu mtaa huo ni hazina. Mashamba ya maua yamewakusanya Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Waturkana na wengine wengi, na mtoto akishatoka mlangoni pa mamaye hana lugha ya kuchezea na wenzake ila Kiswahili.

Kazi ilinitatiza kwa sababu ambayo sikuitarajia. Wengi wa watoto wale walizungumza wakiwa wameziba vinywa kwa viganja, nami nikawa sisikii vizuri. Nikawaomba waondoe mikono. Wakaiondoa, na punde si punde wakairudisha. Nilidhani ni haya ya kumwona mgeni. Ilipita siku nzima kabla sijang'amua kwamba walikuwa wakificha meno.

Meno yale yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia, na mengine yalikuwa yamemomonyoka ncha. Mtu asiyejua huona ni uchafu, na kwa hakika niliwahi kumsikia mwalimu mmoja, katika mji mwingine, akimwaibisha mwanafunzi mbele ya wenzake kwa kutopiga mswaki. Mswaki hauhusiki hata kidogo. Madoa hayo huletwa na floridi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyukia ndani ya maji yaliyo chini ya ardhi. Floridi ikiwa kidogo huyaimarisha meno. Ikizidi huyaharibu, na ikizidi mno kwa miaka mingi hupinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa, na wako wakazi wengi wa Nakuru na vitongoji vyake ambao visima vyao vimekipita kikomo hicho.

Mama mmoja wa Kamere alinikaribisha kwake, akaniteka maji ya kisima katika bilauri, akaiinua kuelekea dirishani. "Tazama, mwalimu," akaniambia, "haya ni safi. Ya ziwani ndiyo machafu." Alisema kweli. Maji yale yalikuwa maangavu kama kioo. Binti yake, aliyekuwa katika Gredi ya 6, alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni.

Hapo ndipo mwanaisimu anapoingia katika mambo ya maji, ingawa hakualikwa. Neno letu "safi" ni neno la macho. Nguo iliyofuliwa ni safi, sakafu iliyopigwa deki ni safi, na maji yasiyo na tope ni safi. Macho hayaoni floridi, wala hayaoni vijidudu vya kipindupindu. Nadhani waandishi wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 walilitambua hilo, kwani kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji yaliyo safi na pia salama, kwa kiasi cha kutosha. Sifa hizo mbili hazikuwekwa hapo kwa urembo. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika mabango ya serikali na mashirika, neno "salama" hudondoka njiani, likabaki "safi" peke yake.

Kwa mkazi wa Kamere, neno hilo moja likidondoka, madhara yake ni makubwa, kwa kuwa yeye ana maadui wawili wasiofanana. Maji ya ziwa yana hatari ya vijidudu. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuvamia makazi ya kandokando, vyoo vya shimo navyo vilimezwa na maji. Maji ya kisima kirefu yanaweza kuwa hayana kijidudu hata kimoja na bado yakawa na floridi tele. Dawa ya adui wa kwanza si dawa ya wa pili. Ukiyachemsha maji ya ziwa, vijidudu hufa. Ukichemsha maji yenye floridi, mvuke huondoka na floridi husalia sufurianini, hata yakabaki makali kuliko yalivyokuwa. Klorini nayo haiigusi. Kuna njia ya kuyatia maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi na kuzianika juani kwa muda wa saa 6. Utafiti uliofanyika Nakuru kwenyewe na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa njia hiyo iliwapunguzia watoto wadogo maradhi ya kuhara damu. Ni njia njema, lakini jua haliondoi floridi.

Kinachoiondoa ni chujio maalumu. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya kusifika kwa miaka mingi kwa kutumia makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa haba, ikasagwa, kisha maji yakapitishwa humo. Wapo wanaosisimkwa wakisikia habari ya mifupa. Mimi nilikunywa maji hayo na sikuona tofauti. Tatizo lake ni kwamba makaa hayo huchoka na lazima yabadilishwe, jambo ambalo linadai gharama na uangalizi. Maji ya mvua nayo hayana floridi ya kutajika, yakikingwa vizuri kutoka kwenye paa lililosafishwa na mvua za mwanzo.

Sasa nije kwa wanafunzi, ambao hasa ndio walionifanya nishike kalamu. Floridi huharibu meno yangali yakiumbika ndani ya ufizi, yaani kabla mtoto hajafikisha umri wa miaka 8 hivi. Yule binti wa Gredi ya 6 hakuna maji yatakayomrudishia weupe wa meno yake. Ila alikuwa na mdogo wake wa miaka 2, akitambaa sakafuni kando yetu. Meno ya kudumu ya mdogo yule yalikuwa bado yanaumbika. Mtungi mmoja wa maji ya mvua au ya chujio, uliotengwa kwa kinywaji na uji wake tu, ungetosha kumlinda kwa siku kadhaa, kwani mtoto mdogo hanywi maji mengi. Na magadi yanayotiwa katika maharagwe ili yaive upesi yangepunguzwa, kwa sababu nayo mara nyingi hubeba floridi. Mambo haya mawili hayangojei mradi wa mamilioni. Yanangoja mtu wa kuyaeleza nyumbani.

Je, wanafunzi wanaweza kuyaeleza? Uko ushahidi, na unafaa kusomwa kwa makini. Katika shule 9 za Nyanza wanafunzi walifunzwa kutibu maji na kunawa mikono. Idadi ya waliojua kutibu maji ipasavyo ilipanda kutoka asilimia 21 hadi 65. Utoro shuleni katika muhula wa tatu ulipungua kwa asilimia 35 kati ya mwaka 2004 na 2005. Lakini wazazi waliosema kwamba wanayatibu maji walipanda kutoka asilimia 6 hadi 14 tu. Wengine husherehekea kwamba idadi imezidi mara mbili. Mimi hujiuliza ile elimu nyingine yote ilipotelea wapi kati ya darasa na jiko.

Umaskini unahusika, sikatai. Dawa ya maji hununuliwa. Hata hivyo, nashuku kuwa lugha nayo ina sehemu yake. Kuanzia Gredi ya 4 mtoto wetu hufundishwa sayansi kwa Kiingereza. Hujifunza habari za maji na maradhi kwa Kiingereza, akafanya mtihani kwa Kiingereza, akapasi. Jioni humkuta mama yake aliyeshinda akikata maua tangu alfajiri, naye mtoto hana neno la kuanzia. Nilimwomba yule binti amweleze mama yake aliyofunzwa kuhusu maji. Alianza sentensi tatu na hakumaliza hata moja. Hakuwa mjinga, maarifa aliyapokea katika lugha isiyoingia nyumbani kwao.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Somo la maji likishafundishwa, lirudiwe katika kipindi cha Kiswahili, kila mwanafunzi alieleze kwa maneno yake kana kwamba yuko jikoni kwao: maji ya ziwa yana hatari gani, ya kisima gani, lipi hufaa wapi. Akishindwa asaidiwe kutafuta neno. Hapo mwalimu wa Kiswahili atakuwa ameokoa meno mengi kuliko anavyodhani.

Naharakisha kuongeza kwamba kusaidia si kubeba. Wapo watu wazima ambao wakisikia "wanafunzi wasaidie katika mambo ya maji" huona mara moja mtoto wa miaka 10 na mtungi wa lita 20 mgongoni, tena msichana, akienda ufukweni waliko viboko. Mtoto wa namna hiyo amenyimwa darasa ili nyumba ipate maji. Huo si msaada ninaouzungumzia, wala sitaki makala yangu isomwe hivyo.

Iko kazi nyingine inayowafaa hasa wanafunzi wakubwa. Huduma za maji ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya mwaka 2016 iliyofuatia inaagiza kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na lijibiwe si zaidi ya siku 21. Nasi kila mwaka tunawafundisha wanafunzi barua rasmi, wakiandika kwa wakurugenzi wasiokuwapo, kuomba kazi zisizokuwapo. Kwa nini wasiandike barua ya kweli, itiwe sahihi na mwalimu au mzazi, kuuliza kisima wanachokinywea kilipimwa lini na floridi yake ni miligramu ngapi?

Jibu likija, libandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa lango la shule, mahali ambapo mzazi anayemleta mtoto wa chekechea atalisoma. Siku 21 zikipita bila jibu, sheria hiyo hiyo inaruhusu malalamiko yapelekwe kwa tume inayoshughulikia kero za wananchi dhidi ya ofisi za umma. Hiyo nayo ni barua rasmi, na wiki hiyo darasa litakuwa limepata insha yake ya pili.