Usiuze stirio ya baba, zungumza na mkalimani

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mpenzi msomaji, ukitaka kuuona ukweli wa msemo huo, tazama mabasi yanayotoka Nairobi kuelekea Ukambani mwezi wa Disemba. Kati ya magunia na magodoro hukosi kuona katoni bapa la runinga mpya, zawadi ambayo watoto walioajiriwa mjini wanawapelekea wazazi.

Katoni moja kama hilo liliteremshwa Kibwezi, kwenye njia panda ambapo barabara ya Kitui inaachana na ile ya Mombasa. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, nami nilikuwa mgeni wake siku hiyo. Vijana waliifungua runinga, wakaitundika ukutani, wakaunganisha king'amuzi na mashine ya DVD. Picha ikawa safi hata ungeweza kuhesabu nywele za msomaji wa habari. Lakini sauti! Ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayesemea ndani ya kopo. Mzee, ambaye masikio yake yameanza kuchoka, alisogeza kiti mara tatu, kisha akanyamaza tu.

Hilo si kosa la runinga yako pekee. Spika ili itoe sauti nzito inahitaji ukubwa, na inahitaji nafasi ya hewa nyuma yake. Runinga za zamani zilikuwa na kisogo kikubwa, nafasi ilikuwapo. Hizi bapa hazina pa kuiweka spika ya maana, kwa hiyo hupewa spika ndogo, tena mara nyingi zimeelekezwa chini au ukutani.

Dawa ilikuwa mumo humo sebuleni. Mwalimu ana stirio ya miaka mingi, amplifaya pamoja na spika mbili za mbao. Wanawe waliamua kuiunganisha na runinga, na walikuwa na sababu kubwa kuliko habari za saa moja. Walikuja na DVD ya harusi ya dada yao mkubwa. Ndani yake mama yao anatoa nasaha kwa maharusi, na mama huyo sasa ni marehemu. Wajukuu wadogo hawajawahi kuisikia sauti yake. Familia ilipanga kuitazama usiku wa mkesha wa Krismasi.

Kijana mmoja alikuwa amenunua kisanduku cha kubadilisha sauti. Alikiunganisha, na taarifa ya habari ikavuma kwenye spika za mbao hata majirani wakachungulia. Wakaweka DVD ya harusi. Kimya! Wakarudi kwenye habari, sauti ipo. Wakarudi kwenye harusi, kimya tena. Hukumu ikatolewa papo hapo: amplifaya hii ni ya kale, haiwezi mambo ya DVD. Kesho yake mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje aichukue.

Ndugu msomaji, kabla hatujampisha mnunuzi huyo, hebu tuelewe kilichokuwa kikitendeka.

Stirio za zamani hupokea sauti kwa nyaya mbili, nyekundu ya upande wa kulia na nyeupe ya upande wa kushoto. Umeme unaopita humo hupanda na kushuka kama mawimbi ya sauti yenyewe. Hiyo ndiyo analojia. Runinga na mashine za DVD hufanya kazi kwa tarakimu. Sauti hupimwa mara nyingi mno kwa sekunde moja na kila kipimo huandikwa kama nambari. Sahani za muziki za CD, zilizoingia madukani mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde. Sauti ya DVD kwa kawaida hupimwa mara 48,000.

Runinga nyingi za leo hazina tundu la kutoa sauti ya analojia kwa waya mwekundu na mweupe. Na hapa watu wengi hupotea. Yale matundu mekundu na meupe unayoyaona nyuma ya runinga, yameandikwa AV IN, ni ya kuingiza sauti, si ya kuitoa. Ukiunganisha amplifaya hapo utangoja mpaka kuku waote meno. Tafuta tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL. Humo sauti hutoka kama nuru nyekundu inayowaka na kuzima kwa kasi. Mtindo huo ulianzishwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983.

Amplifaya ya Mwalimu haijui kusoma nuru. Ndiyo maana pakahitajika kisanduku kati yao, nacho kazi yake ni kama ya mkalimani wa baraza la chifu. Husikiliza nambari upande mmoja, akasema analojia upande wa pili. Lakini mkalimani lazima ajue lugha ya anayezungumza. Ukimpa mkalimani wa Kikamba mgeni anayesema Kichina, atakaa kimya, na kosa si la wananchi waliokaa mbele yake.

Kumbe sauti ya tarakimu nayo ina lugha zaidi ya moja. Iliyo rahisi huitwa PCM, yaani nambari tupu za kulia na kushoto. Nyingine ni Dolby Digital, ambayo hufinya sauti ili hata njia sita, za spika za mbele, za nyuma na ile ya mdundo, zitoshee katika waya mmoja. Visanduku vingi vya bei nafuu vinajua PCM pekee. Vikipewa Dolby hunyamaza, au hutoa mchakacho kama mafuta ya kukaangia mandazi.

Sasa fumbo la Kibwezi limefumbuka. Habari zilikuwa zikitoka kwa PCM. Ile DVD ya harusi ilirekodiwa kwa Dolby, na runinga ikaipitisha jinsi ilivyo. Amplifaya haikuwa na hatia. Tulichukua rimoti, tukaingia kwenye mipangilio ya sauti, mahali pa sauti ya dijitali inayotoka. Palikuwa pameandikwa AUTO. Tukabadilisha kuwa PCM.

Kabla sijakuambia kilichofuata, chukua kalamu uandike utaratibu huu, maana huenda nawe una safari ya nyumbani.

Kwanza, zima vyombo vyote. Toa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha mbili za kebo ya nuru, kwani wengi huvisahau na nuru haipiti. Chomeka ncha moja kwenye runinga na nyingine kwenye kisanduku, na usiikunje kebo hiyo kama kamba ya mbuzi, itavunjika ndani.

Pili, toka kwenye kisanduku kwa waya mwekundu na mweupe mpaka kwenye amplifaya, palipoandikwa AUX, CD au TAPE IN. Usitumie PHONO. Hapo ni pa sahani za santuri, ambazo sauti yake ni hafifu mno na huongezwa nguvu kwanza. Ukipatumia, sauti itakwaruza.

Tatu, angalia umeme wa kisanduku. Vingi hutumia volti 5, na unaweza kuvilisha kutoka tundu la USB la runinga yenyewe. Soma maandishi yake kwanza. Ukikichomekea adapta ya volti 12 iliyobaki na kifaa kingine, utakuwa umekiunguza.

Nne, weka runinga kwenye PCM. Ikikataa, fanya hivyo kwenye mashine ya DVD, nayo ina mipangilio yake. Kisha zima spika za runinga na urekebishe sauti kwenye amplifaya, ukianzia chini kabisa. Usishangae rimoti ya runinga ikishindwa kuipandisha. Kwenye runinga nyingi, sauti ya tundu hilo hutoka kwa kiwango kimoja tu.

Tena, usinunue usichohitaji. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, nyumba nyingi zimekuwa na ving'amuzi, na vingi vina matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti. Mashine nyingi za DVD pia zinayo. Ikiwa wazee wako hutazama king'amuzi peke yake, waya mmoja wa nyekundu na nyeupe kutoka hapo hadi kwenye stirio unatosha, wala huhitaji mkalimani. Huenda tu ukaona sauti inatangulia midomo kidogo, kwa sababu runinga huchukua muda kuitengeneza picha. Kisanduku kinakuwa na faida pale runinga inapobeba mengi, king'amuzi, DVD, flashi na filamu za intaneti, nawe wataka yote yasikike kupitia njia moja. Nuru ina faida nyingine pia: haipitishi umeme, kwa hiyo ule mvumo wa nyuki unaoletwa na nyaya za antena hauna njia ya kuingia.

Na mvua za vuli zikikaribia, chomoa vyote ukutani kabla hazijaanza kunguruma, antena ikiwa ya kwanza. Radi haibagui kipya na cha kale.

Turudi Kibwezi. Tulipobonyeza PCM, kulisikika mlio mdogo, kisha kwaya ya harusi ikajaa sebule. Kijana akasogeza mbele mpaka pale mama anaposimama na kipaza sauti. Akakohoa kidogo, kama walimu wanavyokohoa kabla ya kuanza somo, akawasalimu wageni. Mjukuu mmoja akauliza, "Huyo ndiye Nyanya?" Mwalimu hakumjibu. Aliinua mkono tu, maana yake tunyamaze. Safari hii hakusogeza kiti.

Mnunuzi wa vyuma alipopiga hodi asubuhi alipewa runinga ya zamani, ile ya kisogo, akaenda zake.

Basi, msomaji wangu, kipya ni kinyemi, lakini usiharakishe kukihukumu cha kale. Chombo kikinyamaza, uliza kwanza kimezungumziwa kwa lugha gani. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.