Amehama au Amehamishwa?

Wapenzi wa mpira wa vikapu nchini, ambao wengi wao huukatiza usingizi saa tisa na nusu za usiku ili kutazama fainali zinazochezwa jioni huko Marekani, wana ada moja isiyowaacha. Hujadiliana nani amekwenda timu gani, na iwapo kanuni mpya za ligi ya NBA zimeujenga mchezo au zimeuharibu. Mijadala hiyo huifuata kwa hamu maradufu: kwanza kama shabiki, na pili kama mtu ambaye kazi yake ni kuyachunguza maneno ya watu. Na katika maneno hayo pana kitenzi kimoja ambacho hakina budi kupingwa. Husemwa kwamba mchezaji fulani "amehama". Aghalabu hakuhama. Amehamishwa.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni madoido ya wanaisimu. Hata kidogo. Mwalimu au askari yeyote aliyepokea barua ya kumpeleka upande wa pili wa nchi, na watoto wake wangali shuleni alikokuwa, anaijua vyema tofauti inayoletwa na viambishi hivyo viwili vifupi, kile cha kusababisha na kile cha kutendwa. Tatizo ni kwamba msamiati wetu wa uhamisho tumeurithi kutoka kandanda. Katika kandanda, klabu mbili zikishaafikiana bei, mchezaji bado ana neno lake. Akiyakataa masharti, biashara imekufa. Katika NBA mambo si hivyo. Mkataba wa mchezaji hukabidhiwa timu nyingine, mshahara ukiwa uleule na muda uleule, naye hulazimika kuufuata mkataba wake kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Wanaoweza kukataa ni wachache mno, kwani kifungu cha kumpa mtu haki hiyo huruhusiwa tu kwa aliyecheza ligini angalau miaka 8, 4 kati ya hiyo akiwa na timu inayompa. Bradley Beal alikuwa nacho, ndiyo sababu hakuondoka Washington kwenda Phoenix mwaka 2023 ila kwa ridhaa yake. Waliosalia hubadilishwa mtu kwa mtu. Vitabu vyetu vya historia huita utaratibu huo biashara ya mali kwa mali, na humo husemwa juu ya chumvi na pembe.

Tuchukue kisa kilichowatikisa mashabiki kuliko vyote katika miaka ya karibuni. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, timu ya Dallas ilimtoa Luka Dončić, raia wa Slovenia mwenye umri wa miaka 25, aliyekuwa ameifikisha kwenye fainali miezi 8 tu kabla ya hapo. Alipelekwa Los Angeles Lakers, na Anthony Davis akaja Dallas. Mashabiki waliandamana nje ya uwanja wao. Meneja mkuu, Nico Harrison, alijitetea kwamba ulinzi ndio uletao ubingwa, na kwamba Davis ni mlinzi bora. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza. Aprili 9 Dončić alirudi Dallas akiwa mgeni, akatokwa na machozi mbele ya umati uliomlea, kisha akafunga pointi 45. Novemba mwaka huohuo Harrison alifutwa kazi.

Hayo yote yamejadiliwa vya kutosha. Lililojadiliwa kwa nadra ni jinsi kanuni na uhamisho vilivyoshikana mikono. Sheria za ligi humruhusu nyota aliyetimiza viwango fulani kulipwa mshahara wa juu kupita kiasi cha kawaida, mradi awe bado katika timu iliyomlea tangu miaka yake ya mwanzo. Dončić alikuwa ametimiza viwango hivyo, na lau angalibaki Dallas angaliweza kutia saini mkataba wa takriban dola milioni 345 kwa miaka 5. Alipohamishwa, haki hiyo ilifutika. Agosti 2025 alitia saini na Lakers mkataba wa dola milioni 165 kwa miaka 3. Si haki kuilinganisha mikataba hiyo jumla kwa jumla, kwa kuwa miaka haitoshani. Lakini kwa wastani wa mwaka ni milioni 69 dhidi ya 55. Pengo hilo halikutokana na kosa lake. Lilitokana na saini za watu wengine. Na badala ya kuijadili kanuni hiyo, mashabiki tele walishinda wakibishana kuhusu unene wa kiuno chake.

Najua jibu lililo tayari: nani amhurumie mtu apokeaye dola milioni 55 kwa mwaka? Haya, tumwache. Katika shughuli hiyohiyo Dallas ilimtoa Maxi Kleber, aliyekuwa nayo tangu 2017. Pia alikuwamo kijana wa miaka 21, Jalen Hood-Schifino, aliyetupwa Utah ili hesabu za mishahara zikubali, na Utah ikamwacha muda si muda. Ni nani kati ya wabishi wetu anayelikumbuka jina lake? Yeye alikuwa chenji.

Nikigeukia upande wa kanuni, nasikia kauli moja ikirudiwa kila msimu, hasa na wenzangu wa makamo: siku hizi hakuna ulinzi. Zamani, husema, Michael Jordan alipigwa vikumbo na Detroit mpaka akaanguka, na hakuna aliyelalamika. Ni kweli vikumbo vilikuwapo. Lakini hao wanaoikumbuka sana miaka hiyo wamesahau kwamba hadi mwaka 2001 kanuni zilikataza timu kulinda eneo. Kila mlinzi ilimpasa kumwandama mtu wake, na nyota angeweza kuwavuta walinzi watatu upande mmoja wasio na kazi ili abaki peke yake na mmoja. Leo hupokewa na ukuta. Basi si kwamba ulinzi umekwisha, umebadilishwa umbo. Kilichotolewa kwa mkono wa kulia kimerudishwa kwa wa kushoto, kwani kuanzia msimu wa 2004-05 waamuzi waliagizwa kuadhibu vikali mlinzi anayemzuia kwa mkono mchezaji anayedunda mpira.

Msimu huo una kisa ambacho shabiki wa Dallas hapendi kukumbushwa. Katika kiangazi cha 2004 timu hiyo ilimwona Steve Nash, mwenye miaka 30, kuwa anaelekea uzeeni, ikakataa kulingana na Phoenix katika kumlipa. Nash akaondoka, na huyo kwa hakika alihama, maana mkataba wake ulikuwa umekwisha. Kanuni ikabadilika. Mtu mwepesi asiye na misuli ya kustahimili mikono ya walinzi akajikuta barabara imefunguliwa mbele yake. Phoenix iliyokuwa imeshinda mechi 29 ilishinda 62, na Nash akatawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005, kisha 2006. Je, alikuwa amejifunza mchezo upya katika miezi mitatu? Thamani yake iliandikwa upya na kamati, na Dallas ilimpima kwa mizani ya zamani.

Mwenye kukana nguvu ya kamati aitazame Boston. Ilitwaa ubingwa wa 2024. Makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji yameweka kiwango cha pili cha matumizi, na timu inayokivuka hufungwa mikono: haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, wala kutoa fedha taslimu katika mabadilishano. Kiangazi cha 2025, huku nyota wake Jayson Tatum akiuguza kano ya kisigino, Boston ilimtoa Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis. Mabingwa walibomolewa na karatasi.

Watetezi wa makubaliano hayo wana hoja, nami siidharau. Tangu 2019 hadi 2025 ubingwa umekwenda kwa timu 7 tofauti. Oklahoma City, mji mdogo, ilishinda 2025 ikiongozwa na Shai Gilgeous-Alexander, ambaye naye alihamishwa bila kuulizwa mwaka 2019 kutoka Clippers. Lakini usawa wa miji haulazimu mchezaji awe bubu. Kanuni zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Oscar Robertson na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1970, na kwa suluhu ya 1976 wakaifungua njia ya mchezaji kutafuta timu mkataba wake ukiisha.

Ligi yenyewe imewahi kuona haya kuhusu maneno. Mwaka 2019 kamishna Adam Silver alieleza kwamba wameacha kumwita mwenye timu "mmiliki", wakapendelea jina la "gavana". Nomino ikabadilishwa, kitenzi kikaachwa palepale. Gavana bado humbadilisha mtu kwa mtu usiku wa manane.

Mambo mawili yangewezekana bila kuivunja ligi. Kwanza, haki ya mshahara wa juu imfuate aliyeitolea jasho, hata akihamishwa. Pili, miaka inayohitajika ili kupata kifungu cha kukataa uhamisho ipunguzwe kutoka 8 hadi, tuseme, 5. Hili si la Wamarekani pekee. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021 kwa ushirikiano na NBA, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kuingia humo. Fedha zikizidi, kanuni zitakopwa kule, na msamiati utakuja nazo.

Makubaliano ya sasa ya NBA yanafika ukomo baada ya msimu wa 2029-30, ingawa kila upande una ruhusa ya kujitoa mwaka mmoja kabla. Chama cha wachezaji kingali na wakati wa kuziandaa hoja hizo mbili mezani.