Viwanja vya zamani visisahaulike

Tukiongelea soka la Kenya, tuguse pia viwanja vyetu. Uwanja wa City pale Nairobi umepita majina mengi: African, Donholm Road, Jogoo Road, na sasa Joe Kadenge, nyota wa soka aliyefariki 2019. Kila jina ni kipindi cha historia ya jiji, lakini kijana wa leo atayasoma wapi? Mombasa nako uwanja wa Manispaa ulibomolewa ili ujengwe upya, na mashabiki wa Pwani wamesubiri mno.

Sisi wa Machakos tuna Uwanja wa Kenyatta, uliofanyiwa ukarabati mkubwa enzi za Gavana Mutua. Fainali ya Kombe la CECAFA 2017 ilichezwa hapa. Harambee Stars ya Kenya waliongoza mara mbili, Zanzibar Heroes wakasawazisha mara mbili, mpaka kipa wetu Matasi akatuokoa kwenye penalti, 3-2. Watu walikuwa wamejaa hadi vichochoro vya ngazi.

Sasa naomba kaunti iweke bango langoni lenye tarehe na matokeo ya fainali hiyo, na ikusanye picha za uwanja wa kabla ya ukarabati. Wazee wanazo majumbani, zinaliwa na mchwa.