Bunduki ya vita haiwi ya kuwinda kwa kukatwa mti

Jamaa mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniita nyumbani kwake anionyeshe kitu alichoachiwa na marehemu babu yake. Kilikuwa kimefungwa ndani ya blanketi: Mauser ya zamani, mti wake umekuwa mweusi kwa mafuta ya mikono, na mahali pa kufungia singe bado pazima. Fundi mmoja alikuwa amemwahidi kwamba kwa pesa kidogo atakata mti wa mbele, ataondoa sehemu ya singe, ataweka darubini, na bunduki itakuwa ya kuwinda. "Yaya," akaniuliza, "nikiitengeneza hivi, si itakuwa imeacha kuwa silaha ya jeshi? Ubaya uko wapi?"

Swali lake si la kijinga, na si yeye peke yake anayejiuliza. Leo nataka kumjibu mbele ya wote: asifanye hivyo. Lakini serikali nayo isimwache peke yake na blanketi lake.

Kwanza tukumbuke silaha hizi zilitoka wapi. Force Publique ya wakoloni ilibeba Mauser za milimita 7,65, za aina iliyochaguliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1889. Kisha Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi huru tarehe 11 Julai 1960, na hadi mambo hayo yalipoisha Januari 1963, jeshi lake lilikuwa limepigana na FAL mikononi. Vita vya 1996 na 1998 vikaleta Kalashnikov. Kila jeshi lililopita hapa liliacha chuma nyuma yake, na chuma hakiozi haraka kama karatasi zake.

Wanaotetea kazi ya yule fundi wana hoja. Baada ya vita viwili vya dunia, bunduki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia huko Marekani na Ulaya. Mafundi walizikata mti, wakabadilisha mitutu, na wawindaji wakazitumia miaka mingi. Katika makoloni ya Uingereza, Lee-Enfield ya .303 ilijulikana porini kama ilivyojulikana kambini. Hakuna aibu ya kusema kwamba nyingine zilikuwa bunduki nzuri.

Lakini huko mnunuzi alikuwa na duka la kumwuzia risasi zinazofaa, na fundi mwenye vipimo vya kukagua chumba cha risasi kabla ya mtu kuweka shavu lake juu ya mti. Yule wa Katuba ana nini? Ana fundi mwenye msumeno.

Tuseme juu ya risasi, kwani hapo ndipo watu wanapopoteza vidole na macho. Risasi ya Mauser ya 1889 ni ya 7,65, na kifuko chake kina urefu wa milimita 53. Ya FAL ni 7,62 yenye kifuko cha milimita 51. Ya Kalashnikov ni 7,62 pia, lakini kifuko chake ni milimita 39. Kwa kusikia tu majina, mtu atadhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Ukiingiza isiyo yake na kufyatua, moshi na moto vinaweza kurudi usoni mwako. Na ile ya 7,65 yenyewe ni adimu leo, basi mwenye bunduki ataanza kutafuta "inayokaribia".

Akipata FAL au Kalashnikov iliyokatwa, shida inageuka. Risasi zipo, lakini zinatoka wapi? Hakuna duka la wawindaji linaloziuza. Zinatoka kwenye kambi, kwenye ghala, au kwa mtu aliyeacha vita pasipo kurudisha alichobeba. Kila mwindaji anayezinunua anamlipa anayeiba silaha za taifa. Kisha usiku wezi wanapogonga milango yetu na silaha za namna hiyo, tunashangaa zimefikaje mjini.

Hata nyama haipatikani vizuri. Risasi ya jeshi imefunikwa chuma kigumu mbele ili isipanuke mwilini. Mapatano ya La Haye ya mwaka 1899 yalikataza risasi zinazopanuka vitani. Risasi ya kuwinda inahitaji kinyume chake: ipanuke, imwangushe mnyama pale pale. Ile ya vita mara nyingi inatoboa na kupita. Nguruwe pori anakimbia na jeraha, anakufia mbali, na mwindaji anarudi mikono mitupu. Na risasi iliyopita haijamaliza safari, kwani inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Porini kwetu, ndani ya kilomita mbili kuna mashamba, kuna mama anayechoma makaa, kuna watoto wanaochuma uyoga.

Sheria je? Kuwinda kunaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zina sheria yao ya tarehe 3 Septemba 1985. Maana yake, mwindaji anahitaji ruhusa mbili tofauti, na kupata moja hakumpi nyingine. Nchi yetu pia ilitia sahihi Protokole ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo inakataza raia kumiliki bunduki zinazojijaza zenyewe kama FAL na Kalashnikov. Mauser ya kuvuta kwa mkono haimo katika kundi hilo, nakubali. Lakini tazama Kameruni: sheria yao ya mwaka 1994 ilikataza kuwinda kwa silaha zilizo za jeshi au polisi, na hata zile zilizowahi kuwa zao. Neno hilo "zilizowahi" linafunga mlango wa yule fundi. Ningependa kila mwindaji wa kwetu asomewe neno kama hilo siku anapoomba ruhusa.

Kuna jambo moja zito kuliko yote. Mitwaba, Pweto na Manono watu waliita pembe tatu ya kifo, kwa sababu ya Mai-Mai na vita vyao na jeshi. Katika pori la namna hiyo, askari au mlinzi wa mbuga ya Upemba anayeona mtu na mtutu wa vita hana muda wa kuuliza kama mti umekatwa kwa ajili ya swala. Anaona adui. Familia itabaki kueleza baadaye kwamba baba alikuwa mwindaji tu.

Basi achague nini? Kwa mtu wa kawaida anayewinda kwa ruhusa, nje ya mbuga na katika msimu uliofunguliwa, bunduki ya kalibri 12 inatosha. Katika miti ya miombo, mnyama anaonekana kwa karibu, na kartushi ya kalibri 12 inafanya kazi yake vizuri ndani ya mita 30 au 40. Ni afadhali pia kuliko pupu ya kutengenezwa kijijini, ambayo mtutu wake unaweza kupasuka. Anayetaka bunduki ya risasi moja moja atafute iliyozaliwa kiwandani kwa kuwinda, yenye namba yake na karatasi zake. Mfumo wa Mauser wenyewe hauna kosa: risasi ya 9,3 × 62, iliyobuniwa Berlin mwaka 1905 kwa wawindaji wa Afrika, ilitumia mfumo huo huo.

Najua jibu litakalokuja: kalibri 12 ni ghali, ruhusa ni ghali zaidi, na mtu wa kijiji anataka kulisha watoto. Ni kweli. Ndiyo maana mzigo huu si wa raia peke yake. Katanga tumewahi kuona njia nyingine: miaka ya 2000, PAREC ya mchungaji Ngoy Mulunda iliwapa watu baiskeli walioleta silaha. Tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo ndogo ishirikiane na jimbo, ipokee bunduki hizi za urithi pasipo kumfunga anayezileta kwa hiari. Na anayerudisha Mauser ya babu yake apewe ruhusa ya kalibri 12 kwa gharama ndogo. Zile zenye historia zizibwe mitutu na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Lubumbashi, watoto wetu wazione huko.

Nilimwambia yule jamaa afunge tena blanketi lake na asimpe fundi pesa. Akaniuliza aipeleke wapi basi, mahali ambapo hawatamkamata kwa kuileta. Sikuwa na jibu la kumpa. Ni kwa gavana na tume kulitoa, kabla fundi hajamaliza kunoa msumeno wake.