Wewe unasema "pai", halafu unamkosoa Mgiriki?

Wasee, leo niko na hawa watu wamesoma Kigiriki cha kale muhula mmoja tu, halafu wakimsikia mtu wa Athene akiongea wanasema eti "anakosea matamshi". Anakosea lugha ya mama yake? Kwani lugha ni ya nani?

Anza na ile herufi ya hesabu. Sote tulifunzwa kusema "pai". Mgiriki wa leo anasema "pi". Mgiriki wa miaka 2,500 iliyopita alisema "pee". Hiyo "pai" ni ya Waingereza. Sasa nani amepotea hapo?

Tusidanganyane, sauti zimebadilika kweli. Mgiriki akikuambia hakuna kitu kimebadilika, huyo naye anakupima. Kratinos, mwandishi wa vichekesho wa Athene karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika mlio wa kondoo kwa herufi beta na eta. Zamani hiyo ilikuwa "bee, bee", kama kondoo yeyote wa Narok. Isome kwa matamshi ya leo, inakuwa "vi, vi". Manze, huyo ni kondoo gani?

Ndiyo maana Erasmus, msomi Mholanzi, alichapisha kitabu mwaka 1528 akisema watu wa kale hawakutamka kama Wagiriki wa siku zake. Kwa mengi alikuwa sahihi. Shida ni wale waliochukua hoja yake wakaigeuza fimbo.

Na hata hayo matamshi wanayoita "ya kale" ni nusu mkate. Kigiriki cha Athene ya zamani kilikuwa na toni, sauti ikipanda na kushuka. Madarasa mengi hayaigusi hiyo. Herufi fi ilikuwa "p" yenye pumzi, lakini wao wanasema "f", sawasawa na yule Mgiriki wa leo wanayemcheka!

Nyinyi wa Agano Jipya, msijifiche. Kigiriki chake si cha Kratinos. Kufikia karne ya 1, watu wa Misri walikuwa wanachanganya "ei" na "i" wakiandika kwenye mafunjo, kwa sababu masikioni zilikuwa kitu kimoja. Matamshi ya leo yalikuwa tayari njiani.

Kubadilika si kuharibika. Waingereza waliacha kutamka ile "k" ya "knife" kitambo, na sijaona mtu akishuka London kuwasahihisha. Mbona Wagiriki ndio wa kusahihishwa? Ni kwa sababu tunaabudu wafu wa Athene na kudharau walio hai.

Ukisoma Plato kwa sauti za kale, poa kabisa, hata mimi nitasikiliza. Lakini ukikutana na Mgiriki, funga mdomo, fungua masikio. Lugha ina wenyewe, na wenyewe bado wako.

Haya, bisha.